Kifungu cha Mia Mbili na Kumi

Jumamosi ile niliamka na furaha, na wanaonijua wanajua kwamba furaha yangu ina kelele. Niliimba nikikoroga uji, niliimba nikipiga pasi kitenge changu cha redioni, nikamtuma mjukuu wangu Queen kwa jirani yetu Suzana akamwambie afungue redio mapema na sauti iwe juu. Nusu ya mtaa wetu hapa Igogo hununua vitumbua kwa Suzana, na mimi sikutaka mtu akose kunisikia.

"Bibi, umeshakula?" Queen akaniuliza aliporudi.

"Nitakula nikitoka redioni."

"Hata Jumamosi iliyopita ulisema hivyohivyo."

Huyo ndiye Queen. Miaka tisa, mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na swali lake ni hilo kila siku ya Mungu. Kwangu watu hubisha hodi tangu alfajiri. Huyu kafukuzwa na mume, yule mke kaondoka na watoto, wale wamegombea shamba la marehemu, nami nikishaanza kusikiliza nalisahau tumbo langu. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa akiniwekea sahani mbele na kusimama palepale mpaka nimeze tonge la kwanza.

Naitwa Tereza Masalu. Niliuza dagaa pale Mwaloni miaka ishirini na miwili, na magoti yalipogoma nikaenda kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, nikapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Mimi si wakili. Nawaambia watu hivyo kila siku, wala hawasikii. Wananiita Mama Sheria, na nikisema neno, limekwisha. Kuna mwanaume mmoja wa miraba minne aliyewarudisha watoto wawili kwa mama yao siku ileile niliyomwandikia ujumbe wa maneno sita kwenye simu. Sasa mtu akizoea kusikilizwa namna hiyo, kuna ugonjwa humwingia taratibu. Mimi uliniingia, na nitawaeleza ulivyonitoka.

Redio Mwambani walikuwa wamenipa saa nzima kila Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi. Studio iko Pasiansi, ghorofa ya pili, na ukikaa kwenye kiti changu unaliona ziwa lote dirishani. Mtangazaji wangu ni Zadok Otuoma, kijana wa Rorya mwenye ulimi mwepesi na viatu vyekundu. Watu hupiga simu, namba zao zinajitokeza kwenye kioo mbele yetu, yeye anabonyeza, mimi najibu. Simu yangu mwenyewe huwa naiacha nyumbani kwenye chaji, kwa sababu siku moja iliita katikati ya kipindi, nikaipokea, nikabishana na mteja wangu wa zamani wa dagaa dakika nzima Mwanza yote ikisikiliza. Zadok hajanisamehe hadi leo.

"Mwangaluka, Mwanza!" Zadok akafungua kipindi kwa salamu ya Kisukuma. "Mama Sheria yupo, amevaa kitenge cha njano, na leo ana moto! Simu ya kwanza!"

"Shikamoo, mayu." Sauti nzito ya mwanaume akiniita mama kwa Kisukuma, nyuma yake jogoo anawika. "Mimi naitwa Ngosha, napiga toka huku Kisesa."

"Marahaba, Ngosha. Sema."

"Niritoa ng'ombe kumi na mbiri, mayu. Mwanamke ameondoka, ameenda na watoto wangu watatu. Nauliza, kwa vire ng'ombe niritoa, watoto si wa kwangu?"

Swali hili nalipenda mno. Nilisogea kwenye kipaza sauti mpaka kikanigusa pua.

"Ngosha, wale ng'ombe uliwapeleka kwa baba mkwe kwa sababu ulitaka mke. Mtoto hakuandikwa kwenye mbavu za ng'ombe! Hakimu hatakuuliza walikuwa wangapi wala walikuwa na pembe gani. Atauliza mtoto atalala wapi salama, atasoma wapi, na akiugua nani atakesha naye. Kwa hiyo anza kujiandaa kwa maswali hayo. Na ng'ombe waache wapumzike."

Zadok alicheka mpaka akajikunja. Kioo kikawaka namba juu ya namba. Akapiga mama mmoja wa Igoma, hawakufunga ndoa na mwenzake, sasa mwanaume anasema hadaiwi kitu. Nikamwambia mtoto ana haki kwa baba yake, ndoa iwepo isiwepo, aende kwa afisa ustawi wa jamii, na baba akimkana mtoto mahakama inaweza kuagiza wapimwe.

"Na hayo matunzo ni nini hasa?" akauliza. "Yeye anasema alishanunua begi la shule, amemaliza."

"Begi! Mwambie begi haliliwi. Matunzo ni chakula, mahali pa kulala, nguo, shule na matibabu. Chakula ndicho cha kwanza. Kabla hujataja ada, kabla hujataja viatu, uliza kwanza kama amekula."

Nilisikia raha, jamani. Nilijisikia kama naweza kuitengeneza kila nyumba ya Mwanza kabla ya saa sita. Zadok akaniinulia dole gumba, akanyoosha mkono kubonyeza simu iliyofuata, nami nikatupa jicho kwenye kioo.

Namba ilikuwa yangu.

Nikaisoma mara ya pili, tarakimu moja moja. Ilikuwa simu yangu niliyoiacha kwenye chaji, juu ya kabati, nyumbani kwangu Igogo. Nilitaka kumshika Zadok mkono, lakini kidole chake kilishafika.

"Shikamoo, Mama Sheria," ikasema sauti ya Queen.

"Marahaba." Sauti yangu ilitoka kama ya chura.

"Mimi ni mtoto. Sitaki kutaja jina."

"Na hutalitaja!" Zadok akarukia. "Hapa majina ni hiari. Uliza tu, mdogo wangu, usiogope, Mama Sheria hang'ati."

"Nauliza kuhusu kile kifungu cha mia mbili na kumi. Kile kinachosema mtoto akilala kwa bibi mzaa baba miaka miwili, anakuwa wa bibi. Nauliza, na mtoto mwenyewe anaulizwa, au haulizwi?"

Sasa hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, ingawa naona aibu.

Mwanangu Luhende aliishi na Ayoo, binti wa watu wa Mara, miaka saba, wakashindwana. Luhende akaenda Geita kwenye machimbo, huko akaoa mwingine. Ayoo ni fundi cherehani. Alipata kazi ya kushona sare za shule Musoma, akaniomba nikae na Queen muhula mmoja ili ajipange. Muhula ukazaa muhula mwingine, ikafika miaka miwili. Hakumtelekeza mtoto, nisiseme uongo wa pili. Alikuja kila mwisho wa mwezi, na hakuna gauni la Queen ambalo hakulishona yeye. Mwezi wa pili mwaka huu akaja na uso unang'aa. Amepanga nyumba ya vyumba viwili, amepata nafasi shuleni, amekuja kumchukua mwanawe.

Nilikuwa uani nachambua dagaa kwenye ungo. Nikaiona nyumba yangu bila yule mtoto, nikaona sahani mezani hakuna wa kuisimamia, na hofu iliyonishika siku ile sijawahi kuipata hata nilipozika mume wangu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Umechelewa, mwanangu," nikamwambia. "Kifungu cha mia mbili na kumi kinasema mtoto akilala kwa bibi mzaa baba miaka miwili mfululizo, anakuwa wa bibi. Na hakina rufaa."

Hakuna kifungu hicho. Hakimo kwenye sheria ya mtoto, hakimo kwenye sheria ya ndoa, hakimo popote chini ya jua. Nilikizaa palepale, mikono inanuka dagaa. Hata namba niliisoma kwenye kile kibao cha anwani ya makazi kilichopigiliwa mlangoni kwangu. Nyumba yangu ni namba 210.

Mwanamke mwingine angebisha. Ayoo hakubisha, kwa sababu aliyesema ni Mama Sheria. Alikaa kwenye kigoda akalia kimyakimya, akanawa uso kwenye karai, akaniambia, "Asante, mama, kwa kunielewesha." Alinishukuru! Akapanda basi akarudi Musoma. Queen alikuwa amesimama mlangoni, chini ya kile kibao, anasikiliza kila neno. Ilikuwa imepita miezi minne.

Turudi studio. Zadok alikuwa ananitazama, macho yamemtoka.

"Mama Sheria, kifungu hicho nakisikia leo kwa mara ya kwanza! Tufafanulie."

"Swali zuri," nikasema. Nikapangusa jasho kwa ncha ya kitenge. "Swali zuri sana. Sheria, wasikilizaji, ni pana. Sheria ni kama ziwa hili. Mtoto mwenye umri wa kuelewa mambo anasikilizwa, ndiyo, maoni yake yanachukuliwa..."

"Na kifungu je?"

"Nakuja huko."

"Mdogo wangu," Zadok akamgeukia mpigaji, "kwa nini hukumuuliza bibi yako mwenyewe?"

Nyuma ya Queen nilimsikia Suzana jirani akimhesabia mtu vitumbua, na sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye redio yake, imechelewa kidogo, ikisema sheria ni kama ziwa hili.

"Nilimuuliza mara moja kama naweza kwenda kwa mama," Queen akasema. "Siku hiyo hakula. Hata uji. Sasa naogopa, akikosa kula ataugua. Ndiyo maana nauliza huku, kwa sababu Mama Sheria wa redioni hakasiriki."

"Zadok," nikasema, "tupige muziki kidogo."

Alipiga muziki. Aliiacha simu ya Queen ikisubiri, taa yake ndogo inawaka kijani. Kisha akachomoa kijitabu cha sheria ya mtoto kwenye begi langu na kuanza kukifungua kurasa kwa hasira.

"Mama, hiki hata mia mbili hakifiki! Mia mbili na kumi kimetoka wapi? Huyu mtoto amedanganywa!" Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Bibi gani anafanya hivi? Tukirudi hewani tumwombe mtoto ataje mtaa. Leo leo tunampeleka huyo bibi ustawi wa jamii, na mimi nabeba kipaza sauti!"

"Kaa chini, Zadok."

"Sikai!"

Muziki ulikuwa na dakika tatu. Nilitazama dirishani, ziwa limetulia, na moyo wangu unapiga kama ngoma za Bujora siku ya mashindano. Njia ya kutokea ilikuwepo, tena rahisi. Ningesema tu, mtoto amesikia vibaya, watoto huchanganya mambo, aende akamsikilize bibi yake. Zadok angeniamini. Igogo ingeniamini. Na Queen naye angeniamini. Angeshusha simu, angeirudisha kwenye chaji, angeniwekea sahani, na asingeuliza tena maisha yake yote. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Nilimkasirikia yule bibi kuliko Zadok alivyomkasirikia, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Zadok akanyoosha vidole: tatu, mbili, moja. Taa nyekundu ikawaka.

"Mtoto upo?" nikauliza.

"Nipo."

"Basi nisikilize, na kila mtu anisikilize. Kifungu cha mia mbili na kumi hakipo. Hakijawahi kuwepo. Hakuna sheria inayosema bibi akikaa na mtoto miaka miwili mtoto ni wake. Bibi akitaka kukaa na mjukuu anaweza kuomba mahakamani kama mtu mwingine, na mahakama itaangalia lililo jema kwa mtoto, itamtazama mama, itamtazama baba, na mtoto mwenyewe atasikilizwa. Bibi yako alisema uongo."

Zadok akaipiga meza kwa furaha. "Haya! Na bibi huyo ni nani?"

"Bibi huyo ni mimi," nikasema. "Mimi Tereza Masalu, wa Igogo, nyumba namba mia mbili na kumi. Namba niliitoa mlangoni. Nilimdanganya mkwe wangu kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu, na nikamdanganya nikiwa nimevaa kitambulisho."

Katika miaka yote ya kipindi kile, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Zadok mdomo wazi bila sauti. Kwenye simu nilisikia redio ya Suzana ikirudia maneno yangu, halafu nikamsikia Suzana mwenyewe akipiga yowe na kitu cha bati kikianguka.

"Bibi?" Queen akaita.

"Abee, mke mwenzangu."

"Kwa hiyo naulizwa?"

"Unaulizwa."

"Na nikisema nataka kwenda kwa mama, utakula?"

Machozi yakanitoka hewani, na siombi radhi kwa hayo.

"Nitakula."

"Leo?"

"Leo hii, nikifika tu."

Basi hapo kioo kikalipuka. Namba zilijaa mpaka zikawa zinasukumana. Mama wa Nyakato akadai nifukuzwe kabla ya tangazo la sabuni. Mwingine akasema nifukuzwe lakini nijibu kwanza swali lake. Mwanaume wa Buhongwa akaapa kwamba kila nyumba ya Mwanza ina kifungu chake cha mia mbili na kumi, ila vyao havina namba. Na Ngosha wa Kisesa akapiga tena, jogoo wake bado anawika. "Mayu," akasema, "hata mimi sijawauriza wangu. Nitaenda kuwauriza." Akakata bila kuaga.

Nikawaambia wasikilizaji, yeyote niliyewahi kumwambia jambo akalipeleke kwa afisa ustawi au kwa wakili likahakikiwe. Kesho yake... hapana, si kesho yake, Jumatatu, mratibu wetu wa wasaidizi wa kisheria alinivua kitambulisho kwa mwezi mzima, na alifanya vizuri.

Nilirudi nyumbani nimepakiwa kwenye pikipiki, mtaa mzima umesimama nje. Wengine walinipigia makofi, wengine walinizomea, na kuna mzee mmoja alifanya yote mawili. Queen alikuwa mlangoni. Akanishika mkono mpaka mezani, ugali na sangara tayari. Nikala. Alisimama pale mpaka nikakomba sahani.

Halafu nikaichukua simu, bado ina moto wa chaji, nikampigia Ayoo mwenyewe. Sikutaka asikie kwa watu. Nikamweleza yote mpaka mwisho. Akakata simu.

Jumapili, saa nane mchana, nikasikia hodi. Nikatoka. Ayoo alikuwa amesimama nje ya mlango, hajavuka kizingiti, anatazama juu kwenye kibao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyoosha kidole, akakigusa kile kibao. "Sheria yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Miezi minne," akasema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Miezi minne nakata vitambaa vya watoto wa watu, nalia. Nilihesabu siku, mama. Nikaona ningekuja wiki mbili tu mapema, miaka miwili isingetimia, ningemwahi mwanangu. Nilijilaumu mimi. Wewe sikukulaumu hata siku moja."

Nikapiga magoti, haya magoti yangu mabovu, palepale kwenye vumbi, mbele ya mkwe wangu na mbele ya Suzana aliyesahau vitumbua vinaungua. Ayoo akashtuka, akanishika kwapani. "Mama, inuka! Inuka, unataka kunitafutia laana?" Kwetu mkwe ndiye hupiga magoti, hata kwao ni hivyo, na hakuna aliyewahi kuona mambo yakigeuzwa namna ile. Alinivuta juu, mimi navuta chini, tukabaki tumeshikana kama walevi, wote wawili tunalia, na Ayoo akicheka ndani ya kilio kwa hasira ambayo ilikuwa bado haijaisha.

"Mkimaliza," Queen akasema kutoka ndani, "chakula kinapoa."

Jumatatu tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, Bwana Machibya, mtu mkavu asiyependa utani. Alimpigia Luhende huko Geita, Luhende akasema analotaka mtoto ndilo hilohilo. Kisha Machibya akatutoa nje, mimi na Ayoo, akabaki na Queen peke yake. Tulikaa kwenye benchi kama wanafunzi waliochelewa. Nilikuwa nimeshawapeleka mamia ya watu kwenye benchi kama lile, nikiwaambia msiwe na wasiwasi, ni utaratibu tu.

Mlango ukafunguliwa. Machibya akasoma kwenye karatasi, "Mtoto amesema anataka kuishi na kusoma kwa mama yake Musoma. Likizo zote kwa bibi yake Igogo. Halafu ametaka niandike jambo la tatu, nimemwambia halihusiki."

"Jambo gani?" Ayoo akauliza.

"Ametaka niandike kwamba bibi ale. Nimemwambia hiyo si kazi ya ofisi hii."

Tukaweka sahihi. Siku ya kuondoka nilimfungia Queen dagaa wa kukaanga kwenye kopo, na Ayoo alibeba begi bila kuniruhusu nilishike. Basi likaondoka. Nilirudi nyumba namba 210, nikakaa, na nyumba ilikuwa na ukimya uleule niliouogopa, wala sikuwa nimekosea kuuogopa hata kidogo. Ulikuwa mkubwa hivyohivyo.

Mwezi ulipokwisha nikarudishiwa kitambulisho, na Redio Mwambani wakaniita. Zadok alikuwa amenunua viatu vya kijani. "Mwangaluka, Mwanza! Amerudi! Leo majibu yote yamehakikiwa!" Kioo kikawaka kama taa za wavuvi. Akabonyeza simu ya kwanza. Namba sikuitambua, ila nyuma ya mpigaji cherehani ilikuwa inakimbia.

"Shikamoo, Mama Sheria. Napiga toka Musoma. Sitaki kutaja jina."

Nilishika ukingo wa meza. "Marahaba. Uliza."

"Umeshakula?"

Zadok akacheka, akaingilia haraka kama kawaida yake. "Mdogo wangu, hapa tunapokea maswali ya sheria tu! Hilo si swali la sheria."

"Nyamaza, Zadok," nikamwambia. "Hilo ni swali la matunzo, tena ndilo la kwanza." Nikakisogelea kipaza sauti mpaka kikanigusa pua. "Bado, mke mwenzangu. Sijala."

"Basi kula," Queen akasema. "Nasubiri."

Kwenye begi langu, chini ya kijitabu cha sheria, mlikuwa na vitumbua viwili vya Suzana. Nikakitoa kimoja, nikakiuma, nikakitafuna mbele ya kipaza sauti, Mwanza nzima inasikia, na kule Musoma cherehani ikasimama kidogo mpaka nikameza.